Kabati la kuficha tangi la maji moto: liwe na matundu au lizibwe kabisa?

#1 Mgeni_wa_Kigae
Habari wakuu. Nina tangi la maji moto la umeme, lita 150, limesimama sakafuni kwenye kona ya korido, mahali ambapo kila anayeingia lazima alione. Mabomba nje, waya nje, na weupe wake umeshaanza kuwa njano. Nimeamua kulijengea kabati kuanzia sakafuni hadi darini. Seremala amekuja kupima, tumekubaliana kila kitu isipokuwa jambo moja: yeye anataka mlango wenye matundu ya hewa juu na chini. Mimi nasema tangi linapoteza joto mchana kutwa, kwa hiyo nikilifungia ndani ya kabati lililobana, joto litabaki humo na umeme utapungua. Matundu si ndiyo yatakayotoa lile joto ninalotaka kulitunza? Nani kati yetu yuko sahihi?

#2 Seremala77
Seremala mwenzangu yuko sahihi. Ndani ya kabati la tangi kuna joto na unyevu kwa pamoja, na mbao haivumilii hivyo viwili vikikutana. Hewa isipopita, mlango unapinda, bawaba zinashika kutu, na ukifungua baada ya mwezi unapokewa na harufu ya uvundo. Halafu kuna swali hukuuliza: mlango una upana gani? Kama ni mwembamba kuliko tangi, siku tangi likifa utavunja kabati ili ulitoe.

#3 Kipimajoto
Mgeni, hoja yako ina ukweli, ila ni mdogo kuliko unavyodhani. Tangi la kisasa limevikwa povu gumu kati ya gamba la nje na chuma cha ndani. Tangi la lita 150 hadi 200 la namna hiyo, likikaa nyuzi 60 bila mtu kufungua bomba, hupoteza takriban uniti moja hadi mbili kwa saa 24. Joto hutoka kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya maji na hewa inayolizunguka tangi. Kwangu niliweka kipimajoto: korido ilikuwa nyuzi 26, ndani ya kabati 31. Tofauti ikashuka kutoka 34 hadi 29, yaani nimeokoa kama asilimia 15 ya kile kinachopotea. Asilimia 15 ya uniti moja na nusu haifiki robo ya uniti kwa siku. Faida ipo, sikatai. Lakini anza kwa kuyavika sponji mabomba yanayotoka kwenye tangi, maana hayo yako uchi kabisa.

#4 FundiBomba_Mzee
Mnabishana juu ya robo uniti na hakuna aliyetaja valvu ya usalama. Naomba mnisikilize hapa.

Maji yakipashwa moto hutanuka. Lita 150 zikitoka nyuzi 20 kwenda 60 huongezeka kwa lita mbili na ushei. Hizo lazima ziende mahali. Kama bomba la maji baridi lina valvu isiyoruhusu maji kurudi nyuma, na hakuna chupa ya upanuzi ya kuzipokea, zinatokea kwenye valvu ya usalama, tone kwa tone, kila tangi linapopasha. Watu wanaona matone, wanadhani valvu imeharibika. Nimewahi kufungua kabati nikakuta bomba la valvu limezibwa kwa kizibo cha plastiki kwa sababu "lilikuwa linachafua sakafu mpya". Nilizima umeme kabla hata ya kusalimia wenyeji.

Themostati ikikwama na kikata joto nacho kikashindwa, maji hupita nyuzi 100 yakiwa bado maji kwa sababu ya presha. Tangi likipasuka wakati huo, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na kila lita inayogeuka hutoa mvuke wa zaidi ya lita 1,600. Kilichosimama kati yako na jambo hilo ni ile valvu. Kwa hiyo bomba lake litoke nje ya kabati, lielekee chini bila kupanda popote, lisiwe na koki, na mdomo wake uwe mahali unapouona kila siku. Ukilificha ndani ya kabati, umejinyima onyo.

#5 MamaPacha
Jamani mimi kabati langu nalipenda. Nimeweka rafu tatu juu ya tangi na taulo za watoto zinakauka usiku mmoja. Kwa nini mnalichukulia kama jambo la hatari?

#6 Msafiri_Mtulivu
@MamaPacha Uingereza nyumba nyingi za zamani zina kabati la hivyo hivyo, tangi chini na shuka juu, na kazi yake hasa ni kuzifanya nguo ziwe kavu na vuguvugu. Hujakosea, umefuata desturi ya watu.

#7 Kipimajoto
Msafiri, sawa, ila kumbuka matangi yale ya zamani yalikuwa shaba iliyofungwa koti jembamba, mengine bila koti kabisa. Joto lililokausha shuka ni lile lile walilokuwa wakililipia. Tangi lenye povu nene haliwezi kukausha taulo mbichi vizuri. Linalifanya taulo livuguvugu tu, na maji ya taulo yanabaki ndani ya kabati. Mama, nguo zilizokwisha kukauka ziweke bila wasiwasi. Zilizotoka kufuliwa zianikeni nje kwanza.

#8 MamaPacha
Sawa, nimeelewa. Kumbe ndiyo maana rafu ya juu ina madoa meusi. Ahsante.

#9 DadaUshanga
Mada imenikuta pabaya. Kabati langu lina mwaka mmoja na lina matundu juu na chini kama anavyotaka Seremala. Lakini mbao za chini zimefura kama kitabu kilicholowana, rangi imebanduka, na sakafu ndani ya kabati ina unyevu kila asubuhi. Si dimbwi, ni unyevu tu, ukipitisha kiganja kinalowa. Mafundi wawili wamekuja. Wa kwanza kasema tangi limetoboka, ninunue jingine. Wa pili kasema tangi ni zima, tatizo ni kabati. Tangi ni la umeme, limesimama sakafuni, nyuma yake ni ukuta wa bafu. Naomba msaada, nimechoka kupanguza.

#10 Seremala77
Mbao ni ya aina gani? Kama ni MDF na imekaa moja kwa moja juu ya sakafu, jibu ni hilo. Ubao ule ni nyuzinyuzi laini za mbao na gundi, na ukingo uliokatwa unanyonya maji kama utambi. Kila sakafu inapopigwa deki, unakunywa. Unyevu unaouona asubuhi unaweza kuwa ni ule ule ulionyonywa jana. Kata sentimita tano chini, weka miguu ya plastiki, ziba kingo kwa rangi ya mafuta.

#11 FundiBomba_Mzee
Seremala, kwako kila ugonjwa ni MDF! Dada, tangi linapasha saa ngapi? Kama ni usiku, basi asubuhi unakuta maji ya upanuzi ya usiku. Angalia mdomo wa bomba la valvu uko wapi. Nina hakika fundi wako ameliishia nyuma ya tangi.

#12 Kaa_la_Moto
Mimi namuunga mkono yule fundi wa kwanza. Ndani ya tangi la chuma kuna fimbo ya magnesiamu, wanaiita anodi. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu inageukia tangi lenyewe, na huanza kwa kuvuja kidogo hivi hivi, unyevu wa kiganja. Tangi lina miaka mingapi, na anodi imewahi kubadilishwa?

#13 DadaUshanga
Tangi lina miaka saba. Anodi ndiyo nasikia leo. Mdomo wa bomba la valvu kweli uko nyuma, sentimita kumi juu ya sakafu. Ubao ni MDF. Kwa hiyo nyote watatu mna haki?

#14 Kipimajoto
Kabla hujanunua chochote, pima. Kuna uwezekano mwingine ambao hawajautaja: bomba la maji baridi kutoka jasho. Hewa ya kabati ni ya joto na ina unyevu, bomba la baridi linapita humo humo, basi mvuke unagandia juu yake na kutiririka hadi sakafuni. Asubuhi watu wanaoga, maji baridi mengi yanaingia, bomba linapoa. Saa inalingana.

Fanya hivi. Kausha kila kitu. Funga karatasi ya chooni kuzunguka kila maungio, nyingine chini ya mdomo wa valvu, nyingine kwenye bomba la baridi mahali pasipo na maungio yoyote. Asubuhi soma karatasi. Siku ya pili zima tangi kabisa usiku kucha. Kama sakafu imekauka, ni mambo ya kupasha. Kama bado mbichi, tafuta kwingine.

#15 Mpitanjia_Kimya
Sijawahi kuandika hapa, nasoma tu. Lakini hilo la ukuta wa bafu limenigusa. Kwangu ilikuwa vigae vya bafu: saruji kati ya vigae ilikuwa imepasuka, maji yakapita ukutani na kutokea upande wa pili, chini ya tangi. Tulibadilisha valvu, tukabadilisha tangi zima, unyevu ukabaki. Dada, bandika kipande cha plastiki ukutani nyuma ya tangi, kibane pande zote nne kwa utepe, ukiache saa 24. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni ya hewa.

#16 Mgeni_wa_Kigae
Nawashukuru wote. Naona swali langu limepata mtoto mkubwa kuliko lenyewe. Matundu nimekubali. Sasa fundi anapendekeza rafu ya kudumu juu ya tangi, iliyopigiliwa ukutani, ya kuwekea masanduku. Kuna ubaya?

#17 Kaa_la_Moto
Upo. Anodi huchomolewa kwa juu, na ni ndefu, nyingine zinakaribia urefu wa tangi lenyewe. Ukipigilia rafu, hutaitoa kamwe, na ndipo unapofika kwenye hadithi ya DadaUshanga. Zipo zilizounganishwa vipande vipande kama mnyororo kwa ajili ya sehemu zenye dari fupi, lakini usijiletee dhiki isiyo na sababu. Rafu iwe ya kunyanyua kwa mkono, bila skrubu.

#18 Seremala77
Na elementi nayo, kile chuma kinachopasha maji. Hiyo kwa matangi mengi ya kusimama hutoka kwa mbele au ubavuni, nayo inahitaji nafasi ya kuvutwa yote ikiwa imenyooka. Mgeni, pima urefu wake, kisha hakikisha mlango unafunguka upande huo huo. Mimi siku hizi sijengi kabati la tangi kwa misumari. Naweka fremu ukutani, halafu uso mzima wa mbele unashikwa na sumaku au unaning'inizwa kwenye papi mbili zilizokatwa mshazari. Mtu mmoja anaunyanyua, anauegemeza pembeni, tangi lote liko wazi. Kabati la kwanza nililojenga nililiunganisha kwa gundi, likapendeza sana. Baada ya miaka miwili elementi ikaungua, nikaitwa kulikata kwa msumeno. Yule mama alisimama pembeni akiangalia, hakusema neno. Tangu siku hiyo kila kabati naanza kulichora kwa kujiuliza tangi litatokaje.

#19 Jirani_wa_Pili
Mimi hita yangu ni ya gesi, iko jikoni, inaning'inia ukutani na ina bomba la moshi. Nami nataka kuificha. Matundu mawili kama ya Mgeni yanatosha?

#20 FundiBomba_Mzee
SIMAMA HAPO. Ya gesi ni habari nyingine kabisa. Tangi la umeme halipumui. Mwali wa gesi unapumua. Ukiufungia, hewa ya kuungua inapungua, gesi inaungua nusu, na inatoka kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Watu wanalala na hawaamki. Usijenge chochote mpaka usome kitabu cha mtengenezaji na umlete fundi wa gesi mwenye leseni. Kama ni ile aina iliyofungwa, inayovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba lake, mtengenezaji ataandika nafasi anayoitaka. Kama inavuta hewa ya chumbani, ushauri wangu ni uiache wazi. Na vyovyote itakavyokuwa, weka king'ora cha kaboni monoksaidi, na usiweke rangi, petroli wala matambara karibu nayo.

#21 Kipimajoto
Kuongezea tu ili Jirani aone ukubwa wa jambo. Kanuni za gesi za Marekani, pale hewa ya kuungua inapochukuliwa ndani ya nyumba, zinataka matundu mawili, moja ndani ya sentimita 30 kutoka juu na jingine ndani ya sentimita 30 kutoka chini, kila moja likiwa na sentimita 22 za mraba kwa kila kilowati, na lisipungue sentimita 645 za mraba. Hapo wengi hukosea: mlango wa luva hauhesabiwi eneo lake lote. Kama hujui kipimo halisi, luva za mbao zinahesabiwa asilimia 25 tu kuwa wazi, za chuma asilimia 75. Kwa hiyo luva za mbao zitahitaji eneo la karibu nusu mita kwa nusu mita kwa kila tundu. Huo si urembo wa matundu manne ya duara. Tena hiyo ni kwa nyumba yenye nafasi ya kutosha. Nyumba iliyobana, hewa lazima iletwe kutoka nje.

#22 Jirani_wa_Pili
Nimeelewa. Naiacha ilivyo, nitapaka ukuta rangi inayofanana nayo. Ahsanteni sana.

#23 Mgeni_wa_Kigae
Nimekumbuka jambo jingine. Mke wangu anataka tupunguze joto la tangi kutoka 60 hadi 45 ili tuokoe zaidi. Watoto pia wasiungue.

#24 Msafiri_Mtulivu
Usifanye. Kuna bakteria wa mapafu, legionela. Mwaka 1976 walikufa watu kwenye mkutano wa maveterani katika hoteli moja ya Philadelphia kwa sababu ya tangi la maji moto.

#25 Kipimajoto
Msafiri, mwaka na mji ni sahihi, chanzo sicho. Mlipuko ule ulihusishwa na mfumo wa kupoza hewa wa hoteli, si tangi la maji moto. Lakini ushauri wako uko palepale. Bakteria huyo hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na ukiliweka tangi 45 umemwandalia kitanda. Acha 60, halafu funga valvu ya kuchanganya maji kwenye njia ya kutokea ili bafuni yafike chini ya 50. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa sekunde chache tu, na mtoto haraka zaidi. Kwa hiyo mke wako ana sababu ya kuogopa, dawa tu ndiyo iko kwingine.

#26 FundiBomba_Mzee
Na hiyo valvu ya kuchanganya nayo iwe mahali ambapo mkono unafika. Swichi ya tangi vilevile iwe nje ya kabati. Siku kuna moshi, hutaki kutafuta kitasa.

Weka pia sinia chini ya tangi, lenye bomba la kutolea maji. Hapo tangi likivuja utaona maji yanatokea nje badala ya kunywewa na mbao mwaka mzima. Kulinyanyua tangi baadaye ni kazi: lita 150 ni kilo 150 za maji tu, chuma bado.

#27 DadaUshanga
Nimerudi na majibu ya siku mbili.

Usiku wa kwanza, tangi likiwa limewashwa: karatasi ya chini ya valvu imelowa chapachapa. Karatasi za maungio zote kavu. Ya kwenye bomba la baridi ina unyevu kidogo, siwezi kuapa. Nikasema Mzee ameshinda.

Usiku wa pili nimezima tangi, nikaweka kopo chini ya mdomo wa valvu. Kopo kavu kabisa. Karatasi zote kavu, hata ya bomba la baridi. Na sakafu bado ina unyevu, kidogo kuliko jana lakini upo.

#28 FundiBomba_Mzee
Basi valvu ni sehemu ya jibu. Lipeleke bomba lake nje kwanza.

#29 Kaa_la_Moto
Au tangi linavuja chini, upande wa kitako, ambako hakuna karatasi. Kuzima umeme hakuondoi presha ya maji. Funga maji yanayoingia, usiku wa tatu uone.

#30 Seremala77
Au MDF inatema ilichokunywa. Ubao uliofura haukauki kwa siku moja. Naomba uondoe ubao wa chini kabla ya jaribio lolote jingine, maana unachafua majibu yote.

#31 Mpitanjia_Kimya
Dada, ile plastiki ya ukutani vipi?

#32 DadaUshanga
Nimeibandua sasa hivi. Matone yapo pande zote mbili.

#33 Kipimajoto
Upande gani una mengi zaidi? Na bafu la nyuma lilitumika usiku ule wa pili?

#34 DadaUshanga
Upande wa ukuta, ila si kwa mbali. Bafu lilitumika, watoto waliogea humo jioni. Kesho natoa ubao wa chini kama alivyosema Seremala, nafunga maji yanayoingia, na bafu lile hatuligusi siku tatu. Nitaandika nilichokikuta.